Mzee Mbuthia Nguzoni

Tabby Mbuthia aliporudi nyumbani Sosiot, Kericho, kutoka Melbourne, alibeba viatu, makoti ya baridi, na mpira mmoja uliotolewa upepo ukakunjwa kama chapati. Afisa wa forodha kwenye uwanja wa ndege aliuinua kwa vidole viwili.

"Hii ni nini, madam?"

"Ni mpira."

"Wa nini? Mbona umekaa hivi?"

"Ni wa mchezo wa huko Australia."

Afisa aliugeuza mara mbili, akacheka, akaurudisha kwenye begi.

Tabby alikuwa amekaa huko miaka kumi na moja. Alienda kusomea uuguzi, akabaki akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na Jumamosi za msimu wa baridi alicheza na timu ya wanawake ya mtaa alikoishi. Hakupanga kurudi. Kilichomrudisha ni simu ya jirani iliyosema baba yake ameanguka dukani akipima misumari, na sasa upande wake wa kushoto haumsikii.

Baba yake, Mzee Mbuthia, alikuja Sosiot akiwa kijana kutoka Murang'a, akafungua duka la mabati, misumari, waya na chakula cha ng'ombe. Mkewe alizikwa Murang'a, lakini watoto walizaliwa na kusomea hapa. Halafu mwaka 2008, katika fujo za kikabila za baada ya uchaguzi, duka lilichomwa usiku mmoja hadi likabaki kuta. Familia ilihamia Nakuru. Baada ya mwaka mzima Mbuthia alirudi, akajenga upya kwa mawe, na kwenye kaunta akaweka wavu wa chuma kutoka mbao hadi dari. Aliyechoma hakujulikana kamwe. Hilo ndilo lililomsumbua kuliko hasara yenyewe. Kila aliyeingia kununua bawaba angeweza kuwa yeye, na kila mmoja angeweza kuwa hana habari. Basi Mbuthia aliwauzia wote kwa adabu ileile, akapitisha bidhaa kwenye kidirisha cha wavu, na hakuuliza habari za mtoto wa mtu yeyote.

Kiharusi kilimpata akiwa hivyo. Maneno yalimrudia haraka, mguu ukarudi polepole, lakini mkono wa kushoto ulikataa. Daktari alimwambia atembee kila siku. Alitembea kutoka kitandani hadi sebuleni, akasema ametembea.

"Baba, nje kuna hewa," Tabby angemwambia.

"Hata hapa ndani kuna hewa."

Mchana Tabby aliendesha duka. Jioni, mvua ya alasiri ikishaisha na nyasi zikiwa bado zinatoa mvuke, alichukua mpira wake akaenda kiwanja cha shule ya msingi, akawa anaupiga peke yake kuelekea miti miwili ya mkaratusi iliyosimama pembeni. Akiupiga anaukimbilia, anaupiga tena. Watu waliokuwa wakitoka kupeleka majani chai kwenye banda la kununulia walisimama kidogo kumtazama, wakaenda zao.

Jioni moja aliupiga vibaya. Mpira ulipaa juu sana, ukapindia njiani ambako wafanyakazi wa zamu ya mchana walikuwa wakitoka kiwanda cha chai. Tabby alifungua mdomo kuwaonya. Kabla hajapiga kelele, mwanamke mmoja mrefu aliyevaa gambuti alitoka katikati ya wenzake, akaruka, akaudaka mpira kwa mikono miwili juu kabisa ya kichwa chake. Alitua kwenye matope bila kuyumba.

"Dada!" aliita. "Unatupiga na waru?"

Kwa umbo lake la yai, mpira ulifanana kweli na kiazi, na wenzake waliangua kicheko. Tabby hakucheka. Katika miaka yote ya kucheza alikuwa ameona watu wachache wakiudaka mpira namna ile, na hao walikuwa wamefundishwa tangu utotoni.

"Umefanyaje hivyo?" aliuliza alipomfikia.

"Si imekuja?"

Huyo alikuwa Aoko. Alifanya kazi sehemu ya kunyausha majani, kule juu ambako chai mbichi hutandazwa kwenye vitanda virefu na kupulizwa upepo hadi inyauke. Baba yake alikuja Kericho kutoka upande wa ziwa kuchuma chai, na Aoko alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba. Shuleni alikuwa nyota wa netiboli. Tangu amalize shule hakuwa amegusa mpira wowote.

"Kesho utapita hapa?" Tabby aliuliza.

"Hapa ndio njia yangu."

"Basi usije na gambuti."

Kesho yake Aoko alikuja na raba, na wenzake wawili. Wiki iliyofuata walikuwa saba. Walipofika saba, mwalimu wa michezo wa ile shule aliwatokea, mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke mfupi aitwaye Chepchumba, na aliheshimiwa na kila mtoto wa Sosiot.

"Nani amewapa ruhusa ya kuharibu kiwanja changu?"

Tabby alianza kuomba msamaha. Chepchumba alimkatiza.

"Sijamaliza. Mnakimbia ovyo, hamjapasha misuli moto, na huyu mmoja ataumia goti leo au kesho. Kama ni mchezo, fanyeni kama mchezo." Alivua saa yake akaitia mfukoni. "Na mimi nicheze wapi?"

Ndivyo timu ilivyoanza. Walikuwa wanawake wa kiwandani, wachuuzi wa maziwa, msusi mmoja, na mwalimu. Jina la mchezo lilikuwa refu na la kigeni, kwa hiyo wakauita waru, na hakuna aliyelalamika. Tabby aliwafundisha kwamba mpira haurushwi kwa mkono kama wa raga. Unaushika kwenye kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili umfikie mwenzako, au unaupiga kwa mguu. Ukiudaka safi kutoka kwa mguu wa mtu aliye mbali, kila mtu anasimama na unapewa nafasi yako ya kupiga bila kusumbuliwa. Na kila upande una nguzo nne. Mpira ukipita kati ya mbili ndefu za katikati, ni goli, pointi sita. Ukipita kati ya ndefu na fupi, ni pointi moja tu.

"Na ukigonga nguzo ndefu ukaingia?" Aoko aliuliza.

"Ukiigusa tu, hata kwa ukucha, ni pointi moja. Ya kando."

"Huo ni uonevu."

"Ndio sheria."

Siku moja mvua ya mawe iliwakimbiza chini ya baraza la darasa. Mawe yalipiga mabati hadi ikabidi Tabby apaze sauti, na kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, Chepchumba alitaka kujua mchezo huu ulitoka wapi.

Tabby aliwaambia alivyosikia kwa watu wa timu yake. Kwamba zaidi ya miaka mia moja na sitini iliyopita, wanaume wa Melbourne waliocheza kriketi wakati wa jua walitafuta kitu cha kuwakimbiza wakati wa baridi, na wachache wao wakakaa chini wakaandika sheria ambazo zote zilienea karatasi moja. Kwamba kabla ya hao, wenyeji wa nchi ile walikuwa na mchezo wao wa kupiga juu mpira wa ngozi ya mnyama na kuurukia. Wapo wanaosema mchezo wa leo ulichukua kitu kutoka kwao, wapo wanaokataa, na mabishano hayajaisha.

"Na wanawake?" Aoko aliuliza. "Au wamekubaliwa juzi?"

"Walicheza tangu vita vya kwanza vya dunia. Kule Perth, mwaka 1915, wafanyakazi wa duka moja kubwa walikuwa na timu yao."

"Wafanyakazi wa duka? Watu wa kawaida?"

"Wa kawaida kabisa. Lakini ligi kubwa ya wanawake, ya nchi nzima, ilianza 2017. Siku ya mechi ya kwanza uwanja ulijaa, wakafunga mageti. Maelfu wakabaki nje."

"Wewe ulikuwa ndani?"

"Nilifungiwa nje," Tabby alisema. "Nilisimama getini nikisikiliza watu wakipiga kelele. Nililia kama mtoto. Wiki iliyofuata nikaenda kutafuta timu."

Mawe yalikuwa yamepungua.

"Na weusi wako?" msusi aliuliza.

"Wako. Wengine wazazi wao walitoka Sudan Kusini. Kuna wachezaji wa ligi kuu ambao wamezaliwa Kakuma."

"Kakuma ipi?" Chepchumba aligeuka. "Hii yetu ya Turkana?"

"Hiyohiyo."

"Aki!" Chepchumba alisema, akatazama uwanja uliogeuka mweupe kwa mawe. "Basi si mbali vile."

Mzee Mbuthia, aliyekuwa ameanza kukaa tena nyuma ya kaunta, aliyasikia haya ya waru kwa wateja na hayakumfurahisha. Mwanamke wa umri wa Tabby, aliyesoma, kukimbizana kwenye matope mbele ya soko zima! Zaidi ya hapo hakupenda binti yake azoeane na watu. Hakusema hivyo. Alisema atapata nimonia.

Tabby naye alichoka kubembeleza. Jumamosi moja alimfunga baba yake kanda za viatu, akamwingiza kwenye pikapu ya duka kwa kisingizio cha kwenda kliniki, na baada ya kliniki akaenda moja kwa moja kiwanjani. Aliegesha gari nyuma ya nguzo nne za mkaratusi walizochimbia wiki hiyo.

"Kaa hapo. Nikimaliza tunaenda nyumbani."

Mbuthia alipandisha kioo hadi mwisho. Jumamosi ya pili alikipandisha tena. Ya tatu, Chepchumba alipiga mpira kwa mbali, ukapita karibu na nguzo, na wachezaji wakaanza kubishana kama ni sita au moja. Kioo cha pikapu kilishuka kidogo.

"Imepita nje," sauti ilitoka ndani. "Nje ya ile ndefu. Mnabishania nini?"

Wote waligeuka. Kioo kilikuwa kimeshapanda.

Tangu siku hiyo, kila mpira ukiwa na utata, Aoko alikuwa akiligeukia gari. "Mzee, ilikuwa ndani?" Na Mzee alijibu, kwa kidole tu mwanzoni, halafu kwa maneno. Alikuwa mtu aliyeishi akitazama kama mabati yamekatwa sawa na kama mzani umetulia, na jicho lake halikuharibiwa na kiharusi. Siku mvua ilipokuwa nyepesi na kioo kikajaa mvuke kwa ndani, hakuona kitu. Alifuta kwa kiganja, kikajaa tena. Tabby alikuwa katikati ya uwanja aliposikia mlango wa gari ukifunguka. Alipotazama, baba yake alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, koti limemlowa mabegani, akiegemea fimbo, akingoja mpira unaofuata.

Aliogopa akisema neno atarudi ndani.

Aoko ndiye aliyemtengenezea bendera mbili kutokana na mfuko mweupe wa unga, akazishona kwenye vijiti. Goli ni bendera mbili, ya kando ni moja. Kwa kuwa mkono wa kushoto haukunyanyuka, Mbuthia alizishika zote mbili katika mkono wa kulia, na kukiwa na pointi moja aliitia moja kwapani kwanza. Ilimchukua muda. Wachezaji walijifunza kungoja.

Wakati huo Tabby alikuwa ameandikiana na timu moja ya Nairobi, mchanganyiko wa Wakenya na Waaustralia wanaofanya kazi huko, ambao walicheza wenyewe kwa wenyewe kwa kukosa wapinzani. Nahodha wao, Jecinta, alikubali kuja Sosiot. Wangecheza tisa kwa tisa. Wao wangeleta refa, na kila timu ingetoa mtu wake wa kusimama nguzoni.

"Wetu tunaye," Aoko alisema.

Mbuthia aliambiwa asubuhi. Jioni alimwita Tabby.

"Watu watakuwa wengi?"

"Watakuwa wengi, Baba. Ni siku ya soko."

"Na mimi nisimame mbele yao, niseme hili ni ndio na hili ni hapana."

"Kama hutaki, Mwalimu atatafuta mtu mwingine."

Aliinamia mkono wake wa kushoto uliolala pajani. "Mtu mwingine hajui kuangalia," alisema.

Siku ya mechi Sosiot yote ilishuka kiwanjani. Wauza kabichi walifunika biashara yao kwa turubai, wenye pikipiki walipanga mstari kando, na watoto wakapanda mikaratusi. Wengi hawakujua sheria hata moja, lakini walijua nani ni wao. Aoko alipoudaka mpira wa kwanza juu ya vichwa vya wachezaji watatu wa Nairobi, kelele ziliruka hadi ng'ombe wa ng'ambo ya barabara wakainua vichwa.

Nairobi walikuwa na uzoefu. Waliongoza, wakafikiwa, wakaongoza tena. Chepchumba alianguka akachubuka kiwiko, akatema mate, akaendelea. Mara mbili Mzee Mbuthia aliinua bendera zote mbili kwa mkono mmoja na uwanja ukalipuka. Baada ya mapumziko walibadilishana pande, na Nairobi walipoyalenga magoli aliyoyasimamia yeye, aliwapa haki yao vilevile, watu wakiguna.

Robo ya nne na ya mwisho walibadilishana tena, na Sosiot wakarudi kushambulia upande wa Mzee. Dakika za mwisho ubao ulisema Nairobi thelathini na mbili, Sosiot thelathini na moja. Aoko aliruka akaudaka mpira mbali kidogo na magoli. Angeweza kusimama na kupiga kwa utulivu, lakini mguu wake haukuwa na nguvu ya umbali ule, na alilijua hilo. Alimwona Tabby akija mbio. Alimpigia mpira kwa ngumi. Tabby aliupokea bila kupunguza mwendo, akapiga.

Mpira ulipanda, ukajipinda, ukashuka kando ya nguzo ndefu ya kulia na kupita ndani. Watu elfu moja walisema goli kwa pamoja. Watoto walishuka mitini. Refa aliangalia nguzoni, na akapuliza kumaliza mchezo.

Mzee Mbuthia alikuwa hajainua kitu. Alitembea hatua chache hadi nguzo ya kulia, akaigonga kwa kiganja. Kisha akaitia bendera moja kwapani, na kuinua iliyobaki.

Ya kando. Pointi moja. Thelathini na mbili kwa thelathini na mbili.

Kwanza waliojua sheria waliwaeleza wasiojua. Halafu umati ukaingia uwanjani. Ulienda moja kwa moja nguzoni, na mbele walikuwa vijana wa pikipiki na akina mama wa kabichi, wote wakipayuka.

"Mzee, hiyo imeingia!"

"Wewe Mbuthia, macho yako yako wapi?"

"Hata binti yako! Mtoto wako mwenyewe unamnyima?"

"Unatuangusha nyumbani kwetu!"

Tabby alikuwa amepiga magoti mahali alipopigia mpira. Aliwaona watu wanamzunguka baba yake, na akakumbuka mwaka wa moto. Alikuwa msichana wa shule mwaka ule, kwenye lori la kwenda Nakuru, akitazama moshi. Aliinuka akakimbia. Aoko alimtangulia. Alipenya katikati ya umati kwa mabega yake mapana, akasimama kando ya Mzee na kugeuka kuwatazama watu. Chepchumba alifika upande wa pili, kiwiko kinatoka damu, akawaamuru warudi nyuma kama anawaamuru darasa la nne.

Jecinta, nahodha wa Nairobi, alikuwa ndiye mchezaji aliyekuwa karibu zaidi. "Kusema kweli, mimi sijasikia ikigusa," alisema. Alisema kwa uaminifu, na ikazidisha kelele.

Tabby alimfikia baba yake akihema.

"Baba. Umeona au umesikia?"

Mzee Mbuthia aliinua uso. Alijibu kwa sauti ambayo waliokuwa mbele waliisikia.

"Nimesikia. Imekwaruza gome. Nendeni mtazame."

Kijana mmoja wa pikipiki alienda akaitazama nguzo kwa hasira, akitaka kumpinga. Alipapasa gome. Mvua ilikuwa imelowesha nguzo, na palikuwa na mikwaruzo mingi ya wiki nyingi. Hapakuwa na namna ya kujua.

"Hapa haionyeshi kitu!" alisema.

"Haionyeshi," Mbuthia alikubali. "Ni mimi nimesikia."

Tabby alimtazama. Alikuwa ameutaka ushindi ule kuliko alivyodhani mtu mzima anaweza kutaka kitu. Na kwa nukta moja, alipokuwa amepiga magoti pale chini, alikuwa ametamani baba yake ainue bendera zote mbili hata kama anajua. Sasa aliona aibu ya wazo hilo, na pia aliona kwamba angemsamehe baba yake upesi.

"Basi ni ya kando," aliwaambia watu. "Mimi ndiye niliyepiga, na mimi nimekubali. Tumetoka sare na Nairobi. Mara yetu ya kwanza! Mnalia nini?"

Mtu alicheka. Mwanamke mmoja wa kabichi, ambaye alikuwa amepayuka kuliko wote, alimnyooshea Mbuthia kidole. "Lakini wewe mzee ni mgumu! Mgumu kama misumari yako." Akaondoka akitikisa kichwa, na nyuma yake wengine wakaanza kutawanyika, wakibishana wao kwa wao.

Nyumbani Tabby alichemsha chai ya maziwa na kuukanda mkono wa baba yake kwa maji ya moto. Alidhani amechoka kwa hofu. Alitaka kumwambia kwamba hatalazimika kurudi tena pale.

"Uliogopa, Baba?"

"Sana."

"Pole."

"Ngoja nikwambie." Alikunywa chai kidogo, akaiweka chini. "Mwaka ule, wiki nzima kabla ya moto, nilikuwa nikipita sokoni na watu wanatazama chini. Watu niliowajua. Hakuna aliyeniita jina, hakuna aliyenigombeza, hakuna aliyesema neno. Walikuwa wameshaniondoa mioyoni kabla sijaondoka. Nimekaa miaka yote hii nikingoja mtu anitazame usoni." Alitikisa kichwa. "Leo wamenitazama. Umesikia yule mama? Ameniita mgumu mbele ya watu! Wamenigombeza kama unavyomgombeza mtu wa kwenu aliyekuangusha. Mtu asiye wako humgombezi hivyo, Tabby. Huyo unamnyamazia."

Tabby aliacha kukanda, akaushika tu ule mkono.

"Na 'kwetu,'" Mzee aliongeza. "Wamesema nawaangusha nyumbani kwetu. Sikuongeza mimi hilo neno."

Jumatatu yake duka lilijaa mapema kuliko kawaida, na nusu ya waliokuja hawakuwa na haja ya misumari. Walikuja kuendeleza kesi. Yule kijana wa pikipiki alileta chupa ya maji iliyojaa na kijiti, akavipanga kwenye sakafu kuonyesha jinsi mpira ulivyopita. Mbuthia alijaribu kumjibu kupitia kidirisha cha wavu, akashindwa kuelekeza, akatoka mbele ya kaunta kwa mara ya kwanza tangu augue, akaisogeza ile chupa kwa fimbo.

"Wewe ulikuwa wapi? Kando ya barabara. Mimi nilikuwa hapa. Mpira umetoka hivi, ukajipinda..."

"Mzee, hata kama! Si ungetuhurumia?"

"Nikikuhurumia leo, kesho Nairobi watanitaka niwahurumie wao. Utafurahi?"

Kijana alifikiri. "La," alisema kwa uchungu.

"Haya. Na mama yako, mguu umepona?"

Kijana alishangaa kuulizwa. "Anaendelea vizuri," alisema. "Anatembea hadi kwa mlango."

"Mwambie atoke nje. Ndani hakuna hewa."

Tabby alikuwa anapima chakula cha ng'ombe, akaipoteza hesabu, ikabidi aanze upya.

Habari za sare ile zilienda na magari ya maziwa hadi Roret, na kutoka Roret zikavuka hadi Bomet. Mwezi uliofuata Chepchumba alipigiwa simu na mwanamke aitwaye Molly, mnunuzi wa mbuzi kule Siongiroi. Molly alisema wako kumi na mbili, wana nguvu, wana kiwanja siku zisizo za mnada, na hawajui chochote. Alitaka mtu wa kuwafundisha kudaka. Halafu akauliza kama yule mzee aliyemnyima binti yake goli anaweza kuja pia, maana kwao hawamtaki mtu wa nguzo anayependelea.

"Ni mbali, Baba," Tabby alisema. "Barabara ni mbaya kutoka huko juu. Na mkono wako..."

"Mkono haupandi gari. Mimi ndiye nitakayepanda."

Walienda Jumapili baada ya kanisa, Tabby akiendesha, Mzee kando yake, Aoko na Chepchumba wamebanana nyuma na mipira miwili. Siongiroi kulikuwa na joto kuliko Sosiot, ardhi ni kavu, na uwanja wa mnada ulikuwa na harufu ya mbuzi. Wanawake kumi na wawili walikuwa wamejipanga mstari wakiwasubiri, wengine wamevaa sketi juu ya suruali. Nguzo nne walikuwa wamezisimamisha tayari, na mmoja alizionyesha kwa fahari.

Mzee Mbuthia alizizunguka polepole. Alisimama nyuma yake, akafunga jicho moja.

"Chamgei," aliwaamkia kwanza, kwa Kikipsigis, na wao wakaitikia kwa kushangaa. Kisha akasema, "Hii ya pili imelala. Ing'oeni, tuchimbe upya."

"Mzee, tumechimba asubuhi yote!" Molly alilalamika.

"Najua. Nani ana jembe?"

Molly alimtazama Tabby kutafuta msaada. Tabby aliinua mabega. Aoko alikuwa ameshavua sweta lake, akachukua jembe kutoka kwa mwanamke aliyekuwa karibu na kuanza kuchimba. Baada ya muda kidogo wawili wengine walijiunga naye, na Mbuthia akasimama akiielekeza nguzo kwa fimbo, kidogo kulia, kidogo tena, hapo.

Upande wa pili wa uwanja Chepchumba alikuwa ameanza kuwakimbiza waliobaki, akiwafokea wainue magoti. Tabby aliupiga mpira wa kwanza juu sana, kuelekea kwao. Wote kumi walikimbia huku na huko wakigongana, isipokuwa msichana mmoja mnene mwenye kitambaa chekundu kichwani, ambaye alisimama pale pale, akauangalia ukishuka, na kufungua mikono yake.